Msasa Anastaafu, Ndege Yangu Bado Imekalia Mkia

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupiga rangi mabasi ya shirika letu, fundi rangi mkuu, ambaye sote tunamwita Msasa, anastaafu rasmi Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu. Yote anayoyajua nimemfundisha mimi. Kushika bunduki ya rangi, kusugua puti, na hata zile modeli zake za plastiki zinazowafanya wageni wasahau kilichowaleta ofisini: mwalimu wake ni mimi, Pancha, mzee wa tairi.

Katibu muhtasi, ambaye ndiye anayechapa jarida hili, amesoma mpaka hapo akanitazama juu ya miwani yake. Haya, ni uongo. Sijamfundisha Msasa kitu, labda namna ya kukalia tairi bila kuchafua suruali. Modeli alinifundisha yeye, na sikufuzu. Ila nimeombwa kuandika mimi kwa sababu banda langu la tairi na chumba chake cha rangi vinatenganishwa na ukuta mmoja wa mabati, na mtu unayetenganishwa naye na mabati humfichi kitu, hata kikohozi. Katibu ameniagiza nisiweke maneno ya watu, nisijisifu, na mwishoni nimtakie mema mstaafu. La kujisifu limeshanishinda. Tuone hayo mengine.

Alikuja hapa kijana mwembamba, shati limechomekewa kama anakwenda kuposa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupaka rangi geti la nyuma. Akalipaka likapakika. Kisha akaona heri awaonye watu, akaandika katikati ya geti kwa herufi za kupendeza: RANGI MBICHI, USIGUSE. Kila aliyepita akagusa yale maandishi, apate kujua kama nayo ni mabichi. Kufika jioni geti lilikuwa na vidole vya shirika zima, kimoja kikiwa na alama ya pete ya mkurugenzi. Kijana hakugomba. Alichukua msasa akasugua geti lote, akaanza upya. Ndipo jina lilipomganda, na tangu hapo hajawahi kuona kitu kilicho laini kiasi cha kumtosha.

Kazi yake mnaijua. Basi lililokwaruzwa ubavu mzima liliingia kwake likilia, likatoka likicheka. Mafundi wote waliomo sasa kwenye chumba cha rangi wamepita mikononi mwake, na wote wameiga ule mtindo wake wa kufumba jicho moja na kupitisha kiganja kwenye bodi polepole, kama mama anayempima mtoto homa. Sina la kutoa kasoro hapo, na nimetafuta.

Sasa tuje kwenye modeli, maana huko ndiko kijiba changu cha roho kilikozaliwa.

Dada yake, aliyekuwa mhudumu melini, alimletea boksi lenye picha ya ndege juu. Ndani hamkuwa na ndege. Mlikuwa na vipande vya plastiki ya kijivu vimeshikamana kwenye fremu, karatasi ya maelekezo isiyo na neno hata moja ila picha na mishale, na stika nyembamba za kulowesha kwenye maji. Sisi tuliona amedanganywa. Yeye alivuta kiti, na kila mchana wakati sisi tunakula, akawa anakata kipande, anakisugua, anakiunganisha na mwenzake. Siku moja nikageuka, mezani pana ndege. Imetulia, ina rubani ndani, na ubavuni huoni mahali vipande vilipokutana.

Nami nikatafuta boksi langu, helikopta. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Changu kilivikwa gundi. Panga moja la helikopta ile nilikwenda nalo nyumbani kwenye kidole gumba, na mke wangu akaniuliza kama siku hizi tunalipwa kwa vipuri. Kioo cha mbele nilikibandika kwa gundi isiyo yake, kikaingia ukungu mweupe, na rubani wangu anaruka kwenye ukungu huo mpaka leo. Stika ya namba niliibandika juu chini. Ukitaka kuisoma, simama kwa kichwa. Msasa aliitazama, akafumba lile jicho lake, akasema ni nzuri. Matusi makubwa zaidi sijayasikia.

Katika kazi hii kuna siri moja ambayo lazima niieleze. Ndege nyingi za plastiki zina gurudumu moja mbele na mawili nyuma, na ndani ni tupu. Ukiiunganisha hivi hivi, mkia unazidi pua kwa uzito, basi ndege inainuka mbele na kukaa chini kama mbwa anayeomba mfupa. Dawa yake ni kutia uzito ndani ya pua kabla hujafunga pande mbili za mwili. Ukishafunga na gundi ikashika, umechelewa. Na uzito mzuri kuliko wote, mzito tena mdogo, ni ile risasi tunayobandika kwenye rimu wakati wa kubalansi tairi. Sasa risasi zilizong'oka na kuchakaa ziko kwa nani? Kwa Pancha. Msasa ana mkono, ana jicho, ana bunduki ya rangi. Risasi alikuwa hana.

Hapa ndipo ninapovunja agizo jingine la katibu, maana kisa hiki bila maneno ya watu hakinogi. Tulikuwa na mlinzi mgeni getini, mtu wa adabu na hofu nyingi. Msasa akanipazia sauti juu ya mabati:

"Mzee Pancha! Zile risasi za jana hazikutosha! Za leo nataka mbili nzito, nimtie puani kabla sijamfunga!"

Nami, kwa kuwa nilikuwa nafunga rimu, nikamjibu bila kufikiri: "Njoo uchukue, lakini huyu umalize leo leo, usimwache na mdomo wazi!"

Mlinzi alifika ofisini kabla ya kofia yake. Mama meneja akashuka ngazi mbio na nusu ya ofisi nyuma yake, wakamkuta Msasa ameinama kwenye benchi, kibano mkononi, anamlisha ndege risasi. Mama meneja alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha akaacha kucheka, akaichukua ile ndege, akaigeuza kwenye mwanga, akauliza ndege za namna hii ziko ngapi. Wiki haikuisha, kabati la vioo likasimama chumba cha mapokezi, na ndege za Msasa ndani yake zimepangwa kwa rafu. Na kikaratasi: "Kazi ya mikono ya fundi wetu wa rangi." Wa rangi! Kila iliyomo humo imesimama wima kwa risasi yangu, lakini risasi iko puani, na puani hakuna anayechungulia. Wageni wakipita husema, "Tazama rangi ile." Sijasikia hata mmoja akisema, "Tazama ilivyosimama."

Mnaona basi ninavyoishi. Na haikuishia kabatini. Mkewe, shemeji yangu mpole, amempa meza ya dirishani kuliko na mwanga, na chini ya kitanda amemruhusu kupanga maboksi ambayo hajayafungua mpaka kitanda kimeanza kuinuka. Kwangu mimi, modeli ya meli niliyoiunganisha baada ya helikopta, mke wangu anaiwekea vitunguu saumu juu ya sitaha. Halafu mwezi uliopita mkanichangisha zawadi ya kumuaga, nikatoa kwa moyo mweupe, mkaenda kumnunulia ile modeli ya meli kubwa ya dirisha la dukani, ambayo nimekuwa nikisimama kuitazama tangu dirisha lile likiwa na kioo cha zamani. Niliibeba mwenyewe kutoka dukani. Mkasema nimefanya vizuri kujitolea. Sikujitolea, nilitaka walau nitembee nayo.

Kwa hiyo nikaamua kujenga ndege ya kummaliza. Ndege ya abiria, ndefu, yenye madirisha yasiyo na idadi. Nilijifungia bandani, sikumwonyesha mtu. Safari hii gundi haikutoka nje. Stika zilikwenda sawa. Rangi niliipaka nyembamba, nikangoja ikauke, nikapaka tena, kama nilivyomsikia akiwaelekeza vijana wake upande wa pili wa mabati. Niliposhusha ndege ile mezani mbele ya karakana nzima, wakaacha spana zao wakasogea. Wakasogea kweli. Kisha taratibu, kwa heshima zote, ndege ikainua pua ikakalia mkia.

"Mzee Pancha, ndege yako inaomba chakula," akasema fundi umeme.

Mimi, mwenye debe zima la risasi, niliyewashibisha ndege wote wa kabati lile, nilikuwa nimesahau kumlisha wangu. Msasa hakucheka mbele yao. Aliipitishia kiganja ubavuni, akafumba jicho, akakipitisha tena kana kwamba hakuamini. Halafu akaniinamia sikioni akasema, "Mganga hajigangi, kaka. Lakini ubavu huu sioni ulipounganishwa." Miaka yote ile sikuwahi kusikia neno hilo kwake. Nilikaa chini karibu na ndege yangu, tukafanana.

Mama meneja amesema hivi: Ijumaa Msasa anaondoka na ndege yake nyekundu, ile ya kwanza, na nafasi ya katikati kabatini itakuwa wazi. Ndege yangu ikisimama kwa magurudumu matatu bila kuegemezwa kwa njiti ya kiberiti, nafasi ni yangu. Ikishindwa, ataweka ua. La plastiki. Nimejaribu kufikiria ua hilo likinitazama kila asubuhi ninapopita kusaini, na nimeona bora nife.

Katibu ananionyesha saa, nimalizie inavyostahili. Msasa, kwa niaba ya wote waliokaa kwenye kiti cha basi ulilolipaka bila kujua ni nani aliyelipaka, ahsante. Umefanya mabasi mazee yaonekane vijana, jambo ambalo limetushinda mimi na wewe kwenye kioo. Nenda ukapumzike kwenye meza yako ya dirishani. Tunakuombea mkono usiotetemeka, mwanga wa kutosha, na chupa ya gundi isiyokaukia mdomoni. Ile meli ukiifungua, usiianze upesi. Kaa nayo kwanza, ulinuse boksi kwa niaba ya mwenzako.

Ila bado hatujamalizana. Siku ile ulisema nisiiguse ndege yangu, kwamba ubavu ule nikiukata mimi nitauua, utakuja mwenyewe na kile kimsumeno chako chembamba uufungue palepale ulipoungana, kisha uusugue mpaka asijue mtu. Tangu hapo umekuwa mtu wa kukatiwa keki za kuagwa, hujaja. Mimi sikukukatalia risasi hata siku moja, hata siku zile nilipokuwa na hamu kubwa ya kukukatalia. Basi Ijumaa, kabla hujarudisha funguo, zunguka mabati uje upande wangu. Risasi ninayo, nimeshaipima, iko mfuko wa shati. Ndege nimeiweka juu ya tairi, imeinua pua, inatazama mlangoni.