Nguo Hazijipigi Pasi

Mbele ya kibanda cha dobi pana benchi refu lenye mguu mmoja wa tofali, na kila asubuhi wanaume watatu hulikalia kana kwamba wamepewa hati yake. Yupo dobi mwenyewe, Baba Pacha, mtu mpole ambaye hamkumbuki mteja kwa sura, humkumbuka kwa kola ya shati. Yupo kinyozi wanayemwita Wembe. Na yupo mlinzi mstaafu waliyempachika jina la Redio, kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Kahawa humiminwa na mama mmoja mwenye birika, ambaye hoja zao huziacha zimpite. Kikao huvunjwa saa nne na sauti ya marehemu mke wa dobi. Aliirekodi mwenyewe kwenye simu ya mumewe, iwe kengele ya kumrudisha kazini: “Baba Pacha, kahawa imetosha. Nguo hazijipigi pasi.” Huu mwaka wa pili tangu azikwe, na bado inaita. Dobi hujibu, “Nakuja, mama,” akainuka, na wenzake huinuka naye. Hakuna aliyewahi kumcheka.

Siku hiyo dobi alifika na uso uliokunjamana kuliko nguo alizopaswa kuzinyoosha.

— Simu imegoma, alisema. Pacha wananipigia kutoka huko masomoni, ile ya kuonana sura, haifunguki. Inataka niapdeti kwanza.

— Si uapdeti, alisema Wembe.

— Na sauti ya mama yao ikifutika?

Tangu msiba, kila simu ilipomwomba aisasishe, dobi alibonyeza “Baadaye”, kama anavyomwambia mteja aje kesho.

— Ulifanya vyema, alisema Redio. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Simu ina guu?

— Mkuu hapo ni mimi, Wembe, tulia. Apdeti ni ujanja wa kuizeesha simu. Leo inakuwa nzito, kesho inachoka, keshokutwa uko dukani unatafuta nyingine.

— Mbona mwenye duka la misumari hakuapdeti, wezi wakaingia kwenye simu yake wakawa wanawaandikia wateja kwa jina lake? Apdeti inaziba matundu, bwana. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Sasa ukuta si ni bora kuliko ufa?

Redio akasogeza kikombe mbele, kikajazwa, akaendelea.

— Tena unajua inazibaje? Ukishalala, mtu wa kampuni anaingia ndani ya simu na ufagio. Mimi nimelinda mageti, namjua mtu anayeingia na ufagio hutoka na nini. Anaanza na vitu vizito. Na hakuna kizito kama sauti.

— Sauti ina uzito?

— Ya yule mama ilikuwa nao. Alikuwa akimwita huyu hapa, mimi nasimama wima getini kule. Wakiipata wataiajiri. Utasikia watu wa nchi za baridi wanaamshwa na mke wa dobi.

Dobi akacheka bila kutaka. Aliwaona kweli hao watu wa baridi wakirukia viatu vyao, na kifua kikamjaa fahari.

— Na wangewahi kazini, alisema.

Wembe akaichukua simu, akaanza kuipitia kama afanyavyo mara kwa mara, kwa husuda ya wazi. Mama Pacha alikuwa ameyakuza maandishi, kwa sababu ya macho ya mumewe yaliyochoshwa na mvuke wa pasi. Na kwenye jina la kila mteja hakuweka picha ya uso, aliweka picha ya nguo yake.

— Mimi yangu niliinunua ilivyo na itakufa ilivyo, alisema Wembe. Huyu alimshonea mumewe simu kwa kipimo chake. Lo, mama yule alikuwa na kichwa.

— Akili ni nywele, kila mtu ana zake, alisema Redio.

— Leo kwa mara ya kwanza umepatia. Na unamwambia kinyozi.

Simu ikaita mkononi mwa Wembe. Kwenye kioo likatokea gauni jeupe lenye ukosi wa buluu. Dobi akainua macho, na mwenye gauni, nesi wa zahanati, alikuwa amesimama mbele yao na simu sikioni.

— Shikamooni. Nimebisha mlango wa nyuma mpaka nikachoka. Gauni langu tayari?

— Marahaba, mwanangu. Bado pasi tu, alisema dobi.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Redio, akamsimulia yote, pamoja na ufagio.

Nesi alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza:

— Hiyo sauti mmeikopi mahali pengine?

Wembe akatikisa kichwa. Dobi akageuka kukitazama kibanda chake. Siku zote hizo alimwogopa mtu wa ufagio, na kila asubuhi aliinama juu ya beseni la maji na simu ikiwa kwenye mfuko wa shati.

Nesi akaketi kati yao, akawaonyesha jinsi ya kuikopi. Sauti ikatumwa kwa Redio, ikatumwa kwa Wembe, ambaye aliwapa mgongo akawa anabonyezabonyeza yake peke yake. Dobi akawatazama wote, akasema bismillahi, akabonyeza “Sasisha sasa”.

Kioo kikawa cheusi. Mstari mwembamba ukaanza kutambaa, ukatambaa, ukasimama. Saa nne ikawa inakaribia.

— Leo hataita, alisema dobi. Tangu aondoke hajakosa hata siku moja.

Mama wa kahawa alishika birika bila kumimina.

— Baba Pacha, kahawa imetosha. Nguo hazijipigi pasi.

Ilitoka kwenye mfuko wa koti la Wembe. Kinyozi alikuwa akitazama barabara, kama mtu asiyehusika.

— Nakuja, mama, dobi akauambia mfuko ule, akainuka, na wote wakainuka naye.