Kikombe cha Rubani

Pale stage ya matatu ya Kinoo, kando ya Waiyaki Way, benchi ya kahawa ya Ajwang ilikuwa na wateja wawili wasiobanduka: Kamanda, fundi viatu ambaye hajawahi kushika bunduki, na Satelaiti, fundi wa redio. Asubuhi hiyo kahawa ilikuwa imebaki kikombe kimoja, na Ajwang alikifunika kwa sahani. Kilikuwa cha kakake Joash, rubani wa helikopta za jeshi, aliyetekwa na waasi akilinda amani nchi ya watu. Jumatatu jeshi lilikuwa limepiga simu: ametoroka, yuko hai, anakuja. Ajwang alifurahi hadi akaunguza mandazi, lakini roho yake ilikataa kutulia mpaka amwone kwa macho.

KAMANDA: Mimi nawaambia alichimba shimo na kijiko.

SATELAITI: Kijiko gani, buda? Rubani hachimbi. Alichukua baiskeli ya waasi, akaunda helikopta ndogo.

KAMANDA: Na petroli?

SATELAITI: Si alipiga pedeli.

KAMANDA: Hapo sawa. Lakini bado kuna ule mto wa mamba.

AJWANG: Mamba wametoka wapi tena?

KAMANDA: Mathe, vita ni vita. Na nyinyi ni watu wa ziwa. Aliongea nao, wakambeba.

Ajwang alicheka mpaka akashika meza. Wiki nzima alikuwa hajacheka hivyo.

Mwanamume mwembamba, ndevu zimemjaa, alikuwa amesimama nyuma ya benchi na mfuko begani.

— Kahawa iko?

SATELAITI (bila kugeuka): Imeisha. Hiyo ni ya rubani, beshte yetu.

— Na huyo beshte yenu akija, mtamjua?

Kamanda na Satelaiti hawakuwahi kumwona Joash hata kwa picha.

Lakini sauti ile Ajwang aliijua. Aliweka birika chini, akamkumbatia kakake, akalia kwa furaha mbele ya stage nzima bila kuona haya.

KAMANDA: Mkubwa, hebu tuamulie. Kijiko ama mamba?

JOASH: Hakuna. Walinzi walikuwa wanabishana kama helikopta iko na gia ya kurudi nyuma. Waliposhikana mashati, nikatembea nikaenda.

KAMANDA: Kwani haina?

SATELAITI: Itakosaje, na inarudi nyuma?

KAMANDA: Wee, kurudi nyuma si lazima gia. Ngoja nikuonyeshe.

Akavua kiatu kiwe helikopta. Satelaiti naye akanyakua sahani iwe panga zinazozunguka juu. Kikombe hakikuwa tena mezani, wala Ajwang hakuwa mezani. Alikuwa ameshamshika Joash mkono wanaelekea nyumbani, naye rubani anakunywa kahawa yake polepole, na hakuna aliyewaona wakienda.