Pini Kumi na Tano za Bibi Mizani

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo kiti cha pili humu studioni kiko wazi. Aliyekuwa akikikalia, fundi cherehani mliyemzoea kwa jina la Bibi Mizani, alifariki Jumatatu. Bibi Mizani ametutoka.

Kwa miaka tisa, kila Alhamisi, alitufundisha ushairi kwa lugha ya kushona. Ubeti, alisema, ni shati zima. Mishororo ni vipande vyake. Vina ni vifungo: cha kati kiwe chini ya cha kati, cha mwisho chini ya cha mwisho, la sivyo mtu anatembea shati limekwenda upande. Na mizani? Mizani ndiyo kipimo. Kwa kila silabi alichoma pini moja kwenye kimto chake. Nane, pumzika, nane tena. Mshairi akizidisha, alicheka: "Huyu kanenepa kiunoni."

Lakini hamjui alifikaje hapa. Kosa lilikuwa langu, na leo nalisema.

Alituletea shairi la kumlilia mumewe. Nikalisoma hewani. Mshororo wa mwisho ulipungukiwa mizani moja. Nami kwa ujuaji wangu, baada ya neno "nangoja", nikachomeka "tu" ili hesabu itimie. Nikajisifu kimoyomoyo.

Kesho yake huyo kafika mapokezi, kimto mkononi. Hakugomba. Alichoma pini mbele yangu, nane, halafu saba. Akaweka kidole palipokosa pini.

"Kuhesabu najua, mwanangu," akasema. "Hapa nimepaacha makusudi. Hapa ni pake marehemu. Wewe umemkalisha mtu mwingine."

Niliona aibu, jamani. Nikamwomba radhi, nikaahidi kulisoma upya wiki inayofuata. Nikamwomba pia aje awafundishe wasikilizaji. Yeye alikuja. Mimi sikulisoma. Wiki ile tulikuwa na wageni, iliyofuata nikaona haya kukiri mbele yenu, na baadaye nikajifanya nimesahau. Hakunikumbusha hata siku moja.

Jana nilikwenda msibani. Binti yake mkubwa alinikaribisha kwenye chumba cha kushonea. Cherehani imefunikwa kitambaa, futi ya kupimia bado inaning'inia msumarini.

"Kila Alhamisi akirudi tulimuuliza kama umelisoma," akaniambia. "Anasema bado, mwenzenu ana shughuli nyingi."

Kisha akanipa kile kimto. Nikahesabu pini. Zilikuwa kumi na tano.

Kwa wanawe, wajukuu zake na wote aliowavisha, poleni sana. Nilimpenda mama yenu, na nilimkosea. Nanyi wasikilizaji, kama kuna mtu mmoja mnayemwambia "wiki ijayo" kila wiki, mtafuteni leo, angali anaweza kuitika.

Mama, nimechelewa. Nasoma ulivyoandika wewe. Baada ya neno "nangoja" nitanyamaza kidogo. Wasikilizaji, msiziguse redio zenu, ni nzima.

Kiti chako nimeweka, karibu na cherehani,
Jioni ikishafika, nangoja… mlangoni.