Mama Eugénie Kanyere, Aliyemwandika Upya Mfalme Lalibela

Familia, majirani wa Keshero, walimu wenzake na wakristo wa shirika letu, jumuiya yetu ndogo ya sala, mimi ni Florent, mdogo wake wa mwisho, na nimepewa kazi ngumu, maana marehemu ndiye aliyewaandikia wengi wenu historia za wafu wenu, na kama angekuwa amekaa pale mbele leo, angenifutia kila neno la sifa lisilo na ushahidi.

Mama Eugénie Kanyere alizaliwa Butembo tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu kati ya saba, akasoma huko shule ya msingi na ya sekondari, akapata diploma ya serikali mwaka 1977, na tarehe 3 Septemba 1979 akafika Goma kufundisha historia katika shule moja ya sekondari, kazi aliyoifanya miaka thelathini kwa chaki na sauti, kwa sababu vitabu vilikuwa vichache na vyote vilikuwa vya Kifaransa. Hapo ndipo ulipoanza mzigo wake, kwani aliapa kwamba kabla hajafa, mtoto wa Goma atasoma maisha ya Lalibela, mfalme wa Ethiopia wa miaka mia nane iliyopita, kwa Kiswahili safi, bila kumwomba mtu amtafsirie.

Tarehe 8 Agosti 1981 alifunga ndoa na seremala Luc Kambale, ambaye yuko hapa nasi, wakajaliwa watoto wawili, Kasoki mwaka 1983 na Kahindo mwaka 1987. Tarehe 17 Januari 2002, volkano ilipomwaga moto mjini, nyumba yao ya mtaa wa Virunga ilifunikwa pamoja na madaftari yake kumi na manne, mzee Luc akaokoa msumeno na randa, na yaya, kama nilivyomwita dada yangu huyu mkubwa, akamwambia mbele yetu, "Papa Kasoki, wewe umebeba vya kwako, vya kwangu viko mu kichwa," kisha wakajenga upya hapa Keshero.

Alipostaafu mwaka 2009 alijifunza kompyuta, na mwaka uliofuata akatuma maisha ya Lalibela kwenye kamusi elezo ya Kiswahili iliyo kwenye internet, ile inayoandikwa na watu wa kujitolea wa nchi nyingi, lakini akafanya kosa ambalo mtu wa kwetu tu angelifanya, yaani alimwandika mfalme kama tunavyoandika msibani, akataja wema wake kwa kila mtu, akawashukuru waashi na majirani, akamalizia kwa kumwombea Mungu ampokee. Wasahihishaji waliirudisha makala hiyo, wakisema kwa heshima kwamba mfalme huyo amekwisha kuzikwa. Alicheka mpaka akaketi chini, akaona aibu siku mbili, halafu akaanza upya.

Tangu hapo kila sentensi aliisoma kwa sauti barazani, mbele ya mama Dancille, jirani yetu muuza viazi aliyekimbia vita kutoka Kibumba, na sentensi ambayo Dancille hakuielewa mara ya kwanza ilivunjwa siku hiyohiyo. Mara moja alisoma kwamba mfalme alichonga makanisa kumi na moja ndani ya mwamba, Dancille akaacha kumenya viazi, akauliza, "Mama Kasoki, mufalme mwenyewe ndiye alishika nyundo? Na bale batu benye balichonga, bako wapi?" Sentensi hiyo ilimchukua siku kumi na moja, na leo inasema kwamba makanisa hayo yanahusishwa na utawala wake, na kwamba majina ya waliochonga hayajulikani.

Novemba 2012, waasi walipoingia mjini, sisi tulikuwa chini ya vitanda na yeye chini ya meza, akipunguza sifa za mfalme kwa kalamu nyekundu. Mei 2021 volkano ilirudi, tukaambiwa tuhame, tukashika njia ya Sake kwa miguu, na tulipopumzika Mugunga alimsomea Dancille habari za utoto wa Lalibela, watu wakitupita na magodoro kichwani.

Oktoba 2023 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo. Mimi nilichoka kumwona hivyo, nikamkemea, "Yaya, lala, mufalme alishakufa," naye akanijibu, "Alikufa, lakini ameandikwa mubaya." Januari 2025 mji ulitekwa tena, internet ikakatika, na sehemu ya mwisho ilikuwa haijatumwa, hivyo tarehe 6 Februari Kahindo alivuka mpaka hadi Gisenyi, akaituma kutoka huko, na tarehe 2 Machi jibu likaja kwamba makala imepokelewa kati ya makala bora. Alitaka asomewe jibu hilo mara mbili. Tarehe 29 Aprili 2025, saa tano asubuhi, alifariki nyumbani kwake akiwa na miaka sitini na saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia dawa zikiwa haba, walimu wenzake, shirika letu, majirani waliombeba mgongoni siku ambazo hakuna gari lililopita, na mama Dancille, ambaye kwa miaka kumi na minne hakuwahi kumdanganya kwamba ameelewa.

Leo asubuhi nimeifungua makala hiyo, nikakuta mtu nisiyemjua, wa nchi nisiyoijua, amebadilisha sentensi ya kwanza kabisa. Imeniuma, na kidole changu kilikuwa tayari kuirudisha ile ya yaya, lakini nikaisoma hii mpya kwa sauti, nikairudia, nikairudia tena, na ni lazima niseme ukweli mbele ya jeneza lake kwamba ni nzuri kuliko yake. Nimeiacha. Yaya wangu, wengine wameshika kalamu, kwa hiyo sasa kubali kulala, na amani iwe nawe.