Dawa Yetu ya Pareto

Haya, nawasalimu nyote! Jamani, leo nitasema. Mama, usinikatize. Na ninyi wa benchi la nyuma, msiinamishe vichwa, sitataja jina la mtu.

Mnanijua. Tangu nikiwa mdogo, mimi ndiye niliyekuwa naanzisha nyimbo hapa kanisani. Sauti yangu ilikuwa inasikika mpaka barabara ya Elburgon, si ndiyo? Basi mwaka jana, mwaka wa 1957, nilikaribia kuipoteza, na pumzi yenyewe pamoja nayo.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, nafanya kazi kwenye banda la kukaushia maua ya pareto. Homa ile mpya ikaingia shambani. Mnakumbuka! Nyumba zote za wafanyakazi zilikuwa zinakohoa. Sisi vijana watano wa bandani tuliogopa sana, na hakuna aliyetaka kuonekana anaogopa.

Mkubwa wetu kwa umri akasema, "Hii pareto inaua kunguni, inaua viroboto, inaua mbu. Homa ni nini?"

Ndugu zangu, nawaambia, ilituingia kabisa! Tukasaga maua makavu viganjani, tukachanganya na tumbaku, tukasokota kwa karatasi ya gazeti. Sigara moja, watu watano, mdomo kwa mdomo. Ukiiacha ikupite unaambiwa, "Huyu anataka kutuletea ugonjwa!"

Chekeni tu! Hata dresa, yule anayetutibu pale dispensari, alicheka, halafu akakasirika.

Mimi sikuwa nimewahi kuvuta. Ya kwanza ilinitapisha. Ya pili niliivuta machozi yakinitoka, wenzangu wakanipigia makofi, na makofi yale, wazazi wangu, yalikuwa matamu kuliko chai ya maziwa. Mwishowe mimi ndiye nikawa nawaita: "Twendeni dawa!"

Dawa! Mmoja wetu alianza kutetemeka kazini huku sigara iko mkononi. Akavuta, akampa jirani yake. Kabla ya wiki kuisha tulikuwa chini wote watano. Homa tuligawiana wenyewe.

Yangu iliingia kifuani. Mama aliweka sikio hapa, akasema, "Mwanangu, unachemka ndani kama sufuria." Nikataka kumwita, sauti haikutoka. Hapo mama akalia, na mimi sikuwa nimemwona akilia hata siku moja. Niliogopa kufa, nasema ukweli.

Nilipopata nafuu dresa akaniambia, "Kijana, ukirudi kwa moshi, kuimba usahau."

Na nikarudi! Siku ya kwanza kazini nikakuta sigara imewashwa, na gunia langu la kukalia wameniwekea. "Mgonjwa wetu! Karibu, kaa!" Mkono ukanyooka wenyewe. Niliitaka, jamani. Lakini nilipovuta pumzi, kifua kikanichoma, nikakumbuka machozi ya mama. Nikasema kwa kelele, "Mimi hii kitu sijawahi kuipenda! Nilivuta kwa sababu yenu!"

Nikajua sasa watanifukuza kundini.

Mkubwa wetu, yule yule mwenye dawa, akakuna kichwa. "Na mimi nilidhani ni ninyi mnaipenda. Nikilala nakohoa mpaka natapika."

"Hata mimi!" akasema mwingine. "Hata mimi!" Haki ya Mungu, watu watano, kila mmoja anavuta kwa kuogopa wale wanne! Tulicheka mpaka tukakohoa, sigara tukaitumbukiza kwenye ndoo ya maji.

Kuacha hakukuwa mchezo. Hamu ikitushika tulikuwa tunaitana tuchome mahindi, mdomo upate kazi. Asanteni, wenzangu. Asante, dresa, kwa ukali wako. Asante, mama jirani uliyepika uji wa nyumba tano bila kuombwa. Mama, wewe sijui nikuambie nini.

Vijana, ukiona wenzako wote wanataka kitu ambacho roho yako haikitaki, sema kwa sauti. Labda na wao wanangoja mtu aseme.

Sasa sikieni. Tangu ile homa sijaanzisha wimbo hapa ndani. Leo naanzisha! Simameni wote. Mama, simama. Na ninyi wanne wa benchi la nyuma, sigara mlikuwa mnanipokea bila kuchoka. Pumzi yangu ikikatika katikati, nipokeeni wimbo.