Nesi Gambuti na Jumamosi Zake za Banda la Mboga

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na saba na miezi minne ya kazi, nesi wa zahanati ya shamba letu atakabidhi funguo za kabati la dawa na kwenda kupumzika. Kuandika wasifu huu ilikuwa kazi ya karani, lakini karani yuko likizo, na ofisi ikasema aandike mtu anayemfahamu nesi vizuri. Nikachaguliwa mimi, mtunza stoo. Atakayesoma hadi mwisho ataelewa kwamba ninamfahamu kwa sababu nimempa kazi nyingi kuliko mgonjwa yeyote.

Wengi humwita Nesi Gambuti. Jina hilo alilipata wiki yake ya kwanza, alipofika na sare nyeupe iliyonyooka kwa pasi na, chini yake, buti za mpira za kijani zinazofika magotini. Zahanati ni chumba kimoja kati ya stoo yangu na karakana ya matrekta, na mvua ikinyesha hukifikii bila kuvuka tope. Tulimcheka. Mimi nilicheka kuliko wote, nikateleza, nikakaa kwenye tope lile lile mbele yake. Alinifunga kiwiko bandeji.

Mwezi wake wa tatu alimwomba meneja banda la kupangia mboga, kila Jumamosi saa nne asubuhi, mzigo ukishaondoka. Alitaka kuzungumza na wafanyakazi na majirani juu ya afya na mazingira, bure, aje yeyote. Alisema amechoka kutibu matumbo yale yale kila mvua zinapoanza. Mimi niliwatangazia wenzangu kwamba jambo hilo halitafika wiki ya tatu. Hadi leo yamefanyika mazungumzo zaidi ya elfu moja na mia moja. Utabiri wangu wa mvua nao ni wa aina hiyo hiyo.

Siku ya kwanza walikuja watu saba. Watatu walidhani zinagawiwa mbegu. Wawili walikuja kusikiliza kweli. Wa sita alikuwa mume wake, fundi baiskeli, ambaye asingeweza kukosa kwa kuwa ndiye aliyebeba ubao. Wa saba nilikuwa mimi, na nililala. Nesi alichora mbu mwenye miguu minne, tumbo kubwa na kitu kama ndevu. Fundi baiskeli akanyoosha mkono kwa heshima zote.

"Samahani, mke wangu. Huyo ni mbu au ni mbuzi?"

Kicheko kiliniamsha. Nesi aliutazama mchoro wake, akauongezea pembe mbili, akasema, "Haya, ni mbuzi. Na mbuzi huyu anazaliana kwenye maji yaliyotuama, kwa hiyo fukieni madimbwi." Tangu siku hiyo, mtu wa huku akikwambia kwamba jana mbuzi wamemuuma hadi asubuhi, usimshangae.

Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake. Wiki moja baada ya kutukanya juu ya chumvi, mpishi wa shamba alimfuma nyuma ya banda akila tango lililopakwa chumvi hadi likawa jeupe. Mpishi aliapa kutomwambia mtu. Hakukuwa na haja. Jumamosi iliyofuata nesi alianza kwa kujishtaki mwenyewe, tango mkononi, akapima presha yake mbele yetu na kuiandika ubaoni. Ilikuwa mbaya kuliko zetu sote. Foleni ya kupima ilifika hadi getini, kwa sababu hakuna aliyeona haya tena.

Mengine mnayaona kila siku mkipita. Vyoo vya vibarua vilihamishwa mbali na kisima kwa sababu yake. Miti ya kando ya kijito alianza kuipanda yeye, na majani tuliyokuwa tukiyachoma moto sasa yanaozeshwa yawe mbolea. Daftari la zahanati, ambalo msimu wa mvua lilikuwa likijaa kurasa kwa kuhara peke yake, mwaka jana liliandikwa nusu ukurasa. Lakini nimeambiwa niandike ninalolijua vizuri, na ninalolijua vizuri kuliko yote ni la madumu.

Ilikuwa mwaka wake wa kumi na moja. Alitangaza kwamba Jumamosi hiyo kila nyumba ije na chombo inachowekea maji ya kunywa, maana atazungumzia maji safi. Vikapangwa safu mbili sakafuni: ndoo, mitungi, madumu. Alipita akiinama na kunusa kimoja kimoja. Kwenye dumu moja jeupe akasimama. Ubavuni palikuwa na lebo iliyokwanguliwa, ila alama ya fuvu ilibaki kidogo.

"Mama, hili umelitoa wapi?"

Mwenye dumu alikuwa mama mkwe wangu. Alijibu kwa sauti, kifua mbele. "Kwa mkwe wangu! Ananijali huyo. Amenipa mawili."

"Mimi pia kanipa yeye," akasema mwingine.

"Na mimi!"

Yalikuwa madumu kumi na moja pale sakafuni, yote ya dawa ya kuulia wadudu, yote kutoka stoo yangu. Niliona hasara kuyatupa, nikawa nayagawa. Watu waligeuka kunitazama. Nilikuwa nyuma kabisa, karibu na mizani, nikajifanya naisoma. Juu ya mizani hapakuwa na kitu.

Hakunifokea. Laiti angenifokea. Aligeukia watu, akasema, "Kosa ni langu. Miaka kumi na moja nawafundisha kunawa mikono, sijawahi kwenda chumba cha pili kuuliza madumu matupu yanakwenda wapi." Kisha akamchukua mama mkwe kando, akamtazama macho, akamuuliza maswali. Kichwa kilikuwa kikimuuma kwa miezi. Alikuwa akitoka jasho bila sababu, mikono ikimtetemeka hata uzi haupiti kwenye sindano. Sote tulisema ni uzee. Mchana huo huo nesi alimpeleka hospitali ya wilaya yeye mwenyewe, kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli ya mumewe.

Mimi nilibaki na mke wangu. Hakunisemesha siku nne. Siku ya tano alinisemesha, nikaona zile nne zilikuwa na nafuu.

Jumatatu meneja alimwita nesi ofisini. Stoo na ofisi vinagawana ukuta wa mbao, na mimi, nakiri, sikio langu lilikuwa kwenye mbao.

"Mazungumzo yasimame," meneja alisema. "Hili likitoka nje tutajichafulia jina."

"Jina litafuliwa, bwana meneja. Ini halifuliki."

"Banda nalifunga."

"Basi nitasimama barabarani."

Akasimama kweli. Jumamosi tano mfululizo alizungumza nje ya geti, nne kati ya hizo kwenye mvua, kwa gambuti zake, ubao ukichuruzika chokaa. Walikuja watu sitini, wengi kuliko waliowahi kuingia bandani. Siku za kati alichukua toroli akapita nyumba kwa nyumba kukusanya madumu yote niliyokuwa nimegawa, nami nikisukuma. Yeye alibisha hodi, mimi nilieleza. Ndiyo yalikuwa masharti yake. Nyumba ishirini na sita nilisema maneno yale yale: "Nilikupa sumu. Naomba unirudishie." Wapo walionionea huruma. Wapo waliofunga mlango. Bibi mmoja alikataa kabisa kuachia dumu lake, akisema ni zawadi na zawadi hairudishwi, mpaka nesi alipokaa kwenye kizingiti chake saa nzima.

Jumamosi ya tano meneja alitoka getini na mwavuli, akasimama nyuma ya watu. Nesi alimwomba aje mbele amshikie mwavuli juu ya ubao. Akaushika hadi mwisho. Wiki iliyofuata banda lilifunguliwa, na shamba likampa kila aliyerudisha dumu ndoo mpya yenye mfuniko na koki. Meneja huyo naye amestaafu. Nimemsomea aya hii kwa simu, akaniomba niongeze kwamba mvua ilikuwa kubwa sana na mkono wake ulikufa ganzi.

Mama mkwe alipona polepole. Baada ya miezi miwili uzi ulipita kwenye sindano. Siku nilipokwenda kumwomba msamaha, nilipiga magoti. "Mkwe wangu," akasema, "ulitaka kuniua kwa ukarimu." Kisha akaniletea chai. Ila hadi leo nikimpelekea kitu, hata kilo ya sukari, hukinusa kwanza.

Nilidhani yamekwisha. Nesi akaja stoo. "Jumamosi mzungumzaji ni wewe." Nilimwambia sijui kuzungumza mbele za watu. Akasema hata yeye hajui kuchora. Niliandika kurasa nne, na niliposimama nikaona zote ni visingizio. Nikaziweka chini, nikasema ukweli: kwamba niligawa madumu yale kwa sababu nilipenda kushukuriwa. Nilipenda kupita njiani nikiitwa mtu wa watu. Lebo nilikuwa nikizikwangua mwenyewe, ili yaonekane mapya. Sikuwa nimemwambia mtu jambo hilo kabla, hata mke wangu. Nesi, kutoka benchi la mbele, akauliza kama mwanafunzi, "Na sasa hivi yakiisha dawa unayafanya nini?" Nikaeleza: kuyasuuza mara tatu, kuyatoboa kwa msumari, kuyafungia hadi gari la kuyakusanya lije. Nimeyatoboa kwa miaka kumi na sita sasa. Kidole gumba changu kinaweza kutoa ushahidi.

Jumamosi iliyopita alizungumza kwa mara ya mwisho. Tulitegemea hotuba ya kuaga, tukavaa vizuri. Ubaoni alikuwa ameandika: "Mambo niliyowafundisha vibaya." Yalikuwa saba. Mwaka wa kwanza alituambia tuchome plastiki, na moshi ule tuliuvuta. Aliwahi kusifu mti mmoja ambao baadaye ulikausha chemchemi. Aliwahi kumwambia mama mmoja kwamba homa ya mwanawe ni ya kawaida, na haikuwa ya kawaida. Mtoto aliwahi hospitali akapona, lakini hapo nesi aliweka chaki chini, ikabidi fundi baiskeli amletee maji. Alipomaliza la saba alituomba tuongeze yale aliyoyasahau. Hakuna aliyeongeza.

"Basi tumemaliza," akasema. "Nendeni nyumbani."

Hakuna aliyeinuka. Alipangusa ubao, akakunja kitambaa, akatutazama. Tulikuwa zaidi ya mia. Kwa miaka yote hiyo yeye ndiye aliyetoka wa mwisho, akafagia, akafunga. Safari hii ilibidi atangulie. Alipita katikati yetu taratibu, akafika mlangoni, akatoka. Kisha tukachukua mafagio.

Nesi wetu, dada yetu, asante kwa kila Jumamosi uliyotupa. Lala hadi jua likuamshe, kula matango yako kwa kiasi unachokijua mwenyewe, na mwache fundi akuzungushe kwa baiskeli bila kwenda kumwona mgonjwa. Afya njema na siku ndefu ziwe zako, wewe na nyumba yako yote.

Mtunza stoo, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa shamba