Kofia ya Citoyen Mbaraka Yabaki Mezani

Tarehe 31 Machi 1984, Citoyen Mbaraka Sudi, mkuu wa kikosi chetu cha uokoaji kwenye bandari ya Kindu, anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya kazi. Alianza akiwa mpiga kasia, akawa nahodha wa motaboti, kisha akawa mtu tuliyemwogopa kuliko mafuriko: mwenye kutathmini jinsi kikosi kinavyoamua mambo wakati watu wanazama.

Njia yake ilikuwa moja. Baada ya kila operesheni, hata iliyofaulu, tuliketi kwa chai. Chef, yaani mkuu, kama tulivyomwita, alivua kofia akaiweka mezani, na kofia ikiwa mezani hakuna mkubwa. Aliyeajiriwa mwisho husema kwanza, Chef husema mwisho, na swali ni lile lile: ulijua nini, na ulimwambia nani? Aliyejibu kwamba alimwachia Chef uamuzi, aliosha vikombe vyote. Mimi nimeviosha sana.

Desturi hiyo ilitokana na mafuriko ya mwaka 1974. Kivuko kilikatika kamba kikiwa kimejaa abiria, na Mbaraka akaamuru tukifuate kwa njia ya mkato. Kazadi, fundi wa mota, akasema: "Chef, hapana. Pale maji iko nguvu, itatupindua." Mbaraka, ambaye hasira yake ni pilipili, aliwaka, lakini akageuza motaboti. Abiria wote walirudi salama, pamoja na mbuzi wao. Jioni akawaka tena, safari hii kwetu sisi wengine. Wanne tuliiona hatari ile ile tukanyamaza kwa heshima, na heshima hiyo ingetuzamisha sote.

Hata kambi ya jeshi ilimwita atathmini mazoezi yake. Komanda mmoja alikataa kuvua kofia. Mbaraka alikunja mikono akangoja, chai ikapoa, na kofia ikashuka. Inasemekana koplo mmoja alisema mengi siku hiyo.

Wiki iliyopita alituuliza maoni yetu kuhusu kustaafu kwake. Kofia ikawekwa mezani. Kuanzia Bitota, mgeni wetu kazini, hadi Kazadi, kila mmoja alisema: "Chef, hapana." Alitusikiliza sote, macho yamemlowa, kisha akasema wa mwisho: anakwenda Kibombo kulima mpunga. Safari hii hakugeuza motaboti. Akaondoka kichwa wazi.

Asante, Chef. Mpunga wako ustawi, mkeo mama Jamila akuvumilie nyumbani, na Mungu akuzidishie umri. Kofia tumeiacha pale pale mezani. Bitota anasema kwanza.